Kupima Athari za Vita kwa Misitu kwa Njia ya Setilaiti

Mwanafunzi anayesoma Mogitu, katika Wilaya ya Hanang, hana haja ya kusafiri mbali ili aone jinsi uso wa nchi unavyobadilika. Karibu naye umesimama Mlima Hanang, wenye kimo kinachozidi mita 3,400, ubavuni umevikwa msitu. Chini ya mlima liko Ziwa Balangida, ambalo katika miaka ya ukame hupungua hata likabaki uwanda mweupe wa chumvi. Upande wa Basotu yako mashamba makubwa ya ngano yaliyofunguliwa kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970, mahali ambapo hapo awali Wabarbaig walilisha ng'ombe wao. Na tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliporomoka. Matope, mawe na magogo yakashuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha.

Mambo yote hayo huonekana katika picha za setilaiti. Mashamba ya ngano hutokea kama viraka vyenye pembe nne, ambavyo mwezi mmoja ni vya kijani na mwezi mwingine ni vya rangi ya udongo. Maporomoko ya mwaka 2023 yaliacha michirizi ya kahawia ubavuni mwa mlima, pale ambapo wiki chache kabla palikuwa na miti. Hata hivyo hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililoletwa na vita. Mtu asiyeijua nchi hiyo, akipewa picha mbili, moja ya kabla na moja ya baada, na akaambiwa kwamba hapo palipiganwa vita, huenda angeamini. Dalili zote angeziona: msitu uliotoweka, ardhi iliyochubuka, maji yaliyokauka.

Hilo ndilo fumbo la somo letu. Setilaiti hutuambia kwamba kitu kimebadilika; haituambii ni nani aliyekibadilisha. Atakaye kupima madhara ya vita hana budi kwanza ajue kupima mabadiliko ambayo yangetokea hata kama vita visingekuwapo.

Kwa nini kipimo kinahitajika

Huenda msomaji akauliza: watu wanapouawa na kufukuzwa makwao, ni nani mwenye nafasi ya kuhesabu miti? Swali hilo ni la haki, na jibu lake moja lilipatikana mahakamani.

Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, ilitoa hukumu ya fidia katika kesi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dhidi ya Uganda. Kesi ilihusu vita vya mashariki ya Kongo, vilivyoanza mwaka 1998, na Mahakama ilikwisha kuamua tangu Desemba 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria ya mataifa. Kongo ilidai zaidi ya dola za Marekani bilioni 11. Ilipewa dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa maliasili zilizoporwa. Lakini kwa ukataji wa misitu, ambao Kongo ilikuwa imeudai dola milioni 100, haikupata hata senti moja. Mahakama haikusema kwamba misitu haikukatwa. Ilikiri kwamba sheria ya mataifa inaruhusu fidia kwa uharibifu wa mazingira, ila mdai hakuweka mbele yake msingi wowote wa kuukadiria uharibifu huo. Kwa hiyo dai likatupwa.

Linganisha na Kuwait. Mwaka 1991 majeshi ya Iraki yaliyokuwa yakirudi nyuma yalichoma visima vya mafuta zaidi ya 600, na kisima cha mwisho kilizimwa Novemba mwaka uleule. Moshi wake ulionekana vizuri kutoka angani. Tume ya Fidia ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa baada ya vita hivyo ilitoa kwanza fedha za kufanyia upimaji, ili nchi zilizodhurika zikusanye ushahidi wake, ndipo baadaye ikaamua madai yenyewe. Mpango huo ulikuwa wa busara, ingawa yafaa tukumbuke kwamba mlipaji alikuwa na mafuta ya kuuza. Nchi zetu hazikubahatika kupata tume ya namna hiyo.

Setilaiti huona nini

Setilaiti ya kwanza ya mfululizo uitwao Landsat ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972. Ilizunguka dunia kutoka ncha hadi ncha, na kurudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 18. Chombo kilichokuwamo hakikupiga picha kama kamera ya studio. Kilipima kiasi cha mwanga unaorudishwa na ardhi, kipande kwa kipande, na kukiandika kiasi hicho kwa namba. Kila kipande, ambacho wataalamu hukiita pikseli, kilikuwa na upana wa mita kama 80, yaani eneo linalokaribia uwanja mmoja wa mpira wa miguu. Landsat 5, iliyorushwa Machi 1984 na kufanya kazi hadi 2013, ilikuwa na vipande vyenye upana wa mita 30, na ilirudi kila baada ya siku 16. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa Juni 2015, hupima vipande vya mita 10.

Ni vema mwanafunzi aelewe tangu mwanzo kwamba ndani ya pikseli ya mita 30 setilaiti haioni mti. Huona wastani wa kila kilichomo: majani, matawi, nyasi, udongo, kivuli na paa la nyumba, vyote vikiwa vimechanganywa kuwa namba moja, kama mchuzi unavyochanganya nyanya na kitunguu.

Je, namba hiyo hutufahamisha vipi kuhusu uoto? Jani bichi lina klorofili, ambayo hufyonza mwanga mwekundu kwa ajili ya usanisinuru. Miali ya infraredi ya karibu, isiyoonekana kwa macho yetu, haifai kwa kazi hiyo, na seli za ndani ya jani huitawanya na kuirudisha kwa wingi. Udongo mkavu haufanyi hivyo. Hurudisha miali ya aina zote mbili kwa viwango visivyotofautiana sana. Maji, kwa upande wake, hufyonza karibu infraredi yote, na ndiyo sababu ziwa huwa jeusi katika picha za miali hiyo.

Kutokana na tabia hizo wataalamu wamebuni kipimo cha ukijani. Toa kiasi cha mwanga mwekundu katika kiasi cha infraredi, kisha gawanya jibu kwa jumla ya viwango hivyo viwili. Tuseme pori lenye majani linarudisha asilimia 40 ya infraredi na asilimia 5 ya mwanga mwekundu. Tofauti ni 35, jumla ni 45, na kipimo ni 0.78. Tuseme tena udongo mtupu unarudisha asilimia 25 ya infraredi na 20 ya mwanga mwekundu. Tofauti ni 5, jumla ni 45, na kipimo ni 0.11. Hesabu hiyo yaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha kwanza, nayo ndiyo hesabu inayofanywa na mashine kwa mamilioni ya pikseli.

Hatari ya kwanza inajitokeza papo hapo. Pori la miombo hupukutisha majani mwezi wa Agosti na Septemba, kisha huchipua majani mapya mekundu hata kabla mvua haijanyesha. Mtu akilinganisha picha ya Aprili ya mwaka mmoja na picha ya Septemba ya mwaka unaofuata, atagundua janga kubwa ambalo halikutokea kamwe. Picha mbili lazima ziwe za majira yale yale. Hata hapo mvua za miaka miwili huwa hazilingani, na hilo tutalirudia.

Hatari ya pili ni mawingu. Pembeni mwa Ziwa Viktoria na katika milima ya Virunga yaweza kupita miezi kadhaa bila picha moja iliyo safi. Siku hizi ziko setilaiti za rada, kama Sentinel-1 iliyoanza kurushwa Aprili 2014, ambazo hutuma mawimbi yake zenyewe na kuona kupitia mawingu, usiku na mchana. Lakini kwa vita vya miaka ya nyuma msaada huo haupo, au ni hafifu.

Ngara na Goma, 1994

Sasa twende penye kisa chenyewe. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Kambi yao kubwa ilikuwa Benaco. Katikati ya Julai mwaka uleule wimbi kubwa zaidi, la watu wapatao milioni moja, liliingia Goma katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Huko waliwekwa Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo, kambi zilizokuwa pembeni kabisa mwa Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ambayo ilianzishwa mwaka 1925 na ndiyo kongwe kuliko zote barani Afrika.

Vita vilikuwa vimepiganwa Rwanda. Jeraha la misitu lilitokea Tanzania na Zaire. Mtafiti ambaye angechora duara kuzunguka uwanja wa mapigano na kupima humo tu, asingeliona.

Katika Mkoa wa Kagera, ambako katika kipindi cha 1994 hadi 1996 walikuwako wakimbizi zaidi ya 600,000 kutoka Rwanda na Burundi, UNHCR ilieleza kwamba zaidi ya tani 1,200 za kuni zilitumika kila siku. Jumla ya eneo la pori lililoguswa lilikuwa kilomita za mraba 570, na kati ya hizo 167 ziliharibiwa vibaya. Kwa upande wa Virunga, kufikia mwisho wa 1996 kilomita za mraba kama 105 za msitu wa hifadhi zilikuwa zimeguswa, na 35 zilifyekwa zote.

Namba kama hizo zisimezwe nzima nzima, zitafunwe kwanza. Tani 1,200 ni kilo 1,200,000. Zigawanye kwa watu 600,000, nawe utapata kilo 2 kwa mtu kwa siku. Je, kiasi hicho chaaminika? Mwanafunzi aulize nyumbani kuni za siku moja zina uzito gani, agawanye kwa idadi ya wanaokula, naye ataona kwamba si kiasi cha ajabu. Maharage ya msaada huhitaji saa nyingi motoni, na mahindi yasiyosagwa vilevile. Mkimbizi hakukata mti kwa chuki. Alipewa chakula kisichoivia bila kuni, na kuni hakupewa.

Twende hatua moja mbele. Tuchukue, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba hekta moja ya pori hilo ingeweza kutoa tani 40 za kuni. Tani 1,200 kwa siku zingemaliza hekta 30. Kutoka mwisho wa Aprili 1994 hadi mwisho wa 1996 ni siku zipatazo 975. Kwa hiyo zingemalizwa hekta 29,250, yaani kilomita za mraba 292 na nusu. Jibu letu limeangukia katikati ya 167 na 570. Je, tumekosea? Siyo lazima. Watu hawakufyeka kipande kimoja hadi kisiki cha mwisho ndipo wahamie kingine. Walianza kuokota matawi makavu karibu na kambi, wakaingia miti midogo, kisha wakatembea mbali zaidi kila mwezi, wakichukua hapa tawi na pale shina. Karibu na kambi hapakubaki kitu. Mbali na kambi pori lilipungukiwa tu. Idadi ya watu nayo haikuwa ile ile kila siku.

Hapo ndipo setilaiti inapokuwa na faida ambayo hesabu ya kuni haina. Hesabu ya kuni hutoa jumla tu. Setilaiti hutoa ramani: huonyesha duara la udongo mtupu kuzunguka kambi, na nje yake ukanda wa ukijani uliofifia. Pikseli ya mita 30 ina mita za mraba 900. Kwa hiyo kilomita za mraba 167 ni pikseli zipatazo 185,500. Kila moja yaweza kuulizwa peke yake: ulikuwaje mwaka 1993, na ulikuwaje mwaka 1996?

Laiti majibu ya 1993 yangekuwapo kila mahali! Kumbukumbu za picha za Landsat juu ya Afrika Mashariki kwa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 zina mapengo makubwa, kwa sababu Landsat 5 haikuwa na chombo cha kuhifadhi picha ndani yake. Ilihitaji kuzituma kwenye kituo cha ardhini au kupitia setilaiti nyingine wakati uleule. Aidha, katika miaka hiyo picha moja iliuzwa kwa maelfu ya dola. Tangu mwaka 2008 kumbukumbu hizo zimefunguliwa kwa watu wote bila malipo, na Kituo cha Kikanda cha Upimaji Ramani kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975, ambacho Tanzania ni mwanachama wake, kimekuwa kikifundisha matumizi yake. Lakini picha ambayo haikupigwa haiwezi kufunguliwa.

Mahali pa kulinganisha

Turudi kwenye tatizo la mvua za miaka miwili zisizolingana. Njia ya kulitatua ni kutafuta mahali pa pili penye udongo, mwinuko na mvua kama pa kwanza, ila pasipo na kambi wala mapigano, na kupapima kwa tarehe zilezile.

Tuseme karibu na kambi kipimo cha ukijani kilikuwa 0.60 kabla na 0.36 baada. Kimeshuka kwa 0.24. Tuseme mahali pa kulinganisha kilikuwa 0.58 kabla na 0.50 baada. Kimeshuka kwa 0.08, ingawa hakuna mkimbizi aliyefika huko; huenda mvua zilikuwa haba. Basi sehemu ya mabadiliko ambayo twaweza kuihusisha na kambi ni 0.24 kutoa 0.08, yaani 0.16. Theluthi moja ya lawama imeondoka. (Namba hizi ni za mfano wa darasani, hazikupimwa popote.)

Hoja hii ina uzito kwa watu wenyewe. Kama theluthi ya uharibifu ililetwa na ukame, au na wachoma mkaa waliokuwako tangu zamani, wakimbizi hawastahili kuibebeshwa. Na kama wenyeji wa Ngara walipoteza pori lao kwa sababu ya vita visivyo vyao, wao nao wanastahili kiasi kinachojulikana, si maneno ya huruma. Katika kesi, pande zote mbili hudhurika kwa namba iliyokadiriwa ovyo.

Kazi ya kuchagua mahali pa kulinganisha ni ngumu kuliko inavyosikika. Mahali palipo karibu sana huwa pameguswa pia. Palipo mbali sana huwa na mvua nyingine. Watafiti wengi hutumia sehemu kadhaa badala ya moja, na miaka kadhaa ya nyuma badala ya mmoja, ili wajue kwanza ukijani hupanda na kushuka kiasi gani kwa kawaida. Moto nao wahitaji uangalifu wa namna hiyo. Ziko setilaiti zinazotambua joto la moto kila siku, na katika vita vya Ukraina tangu 2022 zimesaidia kufuatilia mapigano; lakini magharibi ya Tanzania na kusini ya Kongo nyasi huchomwa kila kiangazi kwa sababu za ukulima na ufugaji. Mtu akihesabu kila moto kuwa ni wa vita, atatangaza vita kila mwezi wa Julai.

Kijani kinachodanganya

Hadi hapa tumedhani kwamba vita hupunguza ukijani. Si daima.

Wakati wa utawala wa Idi Amin nchini Uganda na machafuko yaliyofuata, tembo wa Hifadhi ya Queen Elizabeth waliuawa kwa ajili ya pembe, kutoka maelfu kadhaa mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi mia na kitu kufikia 1980. Setilaiti za wakati ule hazikuweza kuona tembo hata mmoja. Waliobaki walihesabiwa kutoka ndege ndogo. Tembo huvunja miti na kula miche. Walipotoweka, vichaka na miti vikaongezeka. Jambo la namna hiyo lilionekana pia Gorongosa, Msumbiji, ambako wanyama wakubwa walikaribia kwisha kwa vita vya 1977 hadi 1992, na eneo lililofunikwa na miti likapanuka. Anayesoma kipimo cha ukijani peke yake angesema kwamba nchi hizo zilinawiri. Kumbe kijani hicho ni alama ya kaburi la tembo.

Mfano mwingine uko ng'ambo ya Mto Kagera, ukitazama kutoka Tanzania. Hifadhi ya Akagera ya Rwanda ilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 2,500. Baada ya 1994 walirudi nchini Wanyarwanda waliokuwa wakiishi uhamishoni tangu 1959, pamoja na ng'ombe wao, na mwaka 1997 serikali ikapunguza hifadhi hadi kilomita za mraba kama 1,100 ili wapate mahali pa kukaa. Katika picha, pori linakuwa mashamba. Je, hayo ni madhara ya vita, au ni uamuzi wa serikali iliyotafuta makao ya raia wake? Mimi naona ni yote mawili, na hakuna pikseli itakayoamua kati yao. Hapo mpimaji akabidhi kalamu kwa mwanahistoria.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ni funzo la unyenyekevu zaidi. Majeshi ya Amin yaliingia Oktoba 1978, yakavunja daraja la Kyaka mapema Novemba, na kuswaga ng'ombe wengi kuvuka mpaka kabla ya Jeshi la Wananchi kuyarudisha nyuma na kuingia Kampala Aprili 1979. Landsat 2 na Landsat 3 zilikuwa angani wakati huo. Lakini kwa pikseli za mita 80, pamoja na mawingu ya ziwani, nini kingeonekana? Daraja ni jembamba mno. Zizi tupu halina tofauti na zizi lililojaa. Familia iliyopoteza mifugo yote haikuacha alama yoyote ambayo chombo kile kingeweza kuisoma. Hasara hiyo ilijulikana kwa kuulizana, nyumba kwa nyumba.

Kuhakiki kwa miguu

Kwa sababu hizo, ramani ya setilaiti haikubaliwi mpaka ihakikiwe ardhini. Mtafiti huchagua bila upendeleo sehemu, tuseme 100, na kuzitembelea. Kama ramani ilisema "pori lililofyekwa" na yeye akakuta shamba la mihogo la miaka 20, hilo ni kosa, naye huliandika. Sehemu 85 zikiwa sahihi kati ya 100, kila eneo linalotangazwa litangazwe pamoja na shaka yake. Mahakama haikatai namba yenye shaka iliyoelezwa. Hukataa namba isiyojulikana ilikotoka.

Pori la miombo lina tabia moja inayomlazimisha mpimaji arudi tena na tena. Likikatwa bila kung'olewa mizizi, huchipua kutoka visiki. Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao Desemba 1996. Kuanzia hapo sehemu ambazo hazikulimwa zilianza kujifunika upya. Basi hasara ya mwaka 1996 si sawa na hasara ya mwaka 2010 mahali palepale, na anayedai au anayelaumu lazima aseme ni ya mwaka gani.

Zoezi la Mogitu

Zoezi hili lafaa shule yoyote, ila tumelipangia Mogitu kwa kuwa nchi ya huko ina kila kitu kinachohitajika. Mwalimu atafute katika intaneti picha mbili za Sentinel-2 zinazoonyesha Mlima Hanang, moja ya kabla ya Desemba 2023 na nyingine ya baada yake, zote za majira yanayofanana. Hutolewa bure; shule isiyo na kompyuta yaweza kuomba zichapwe mjini kwenye karatasi. Wanafunzi wawekee alama kila mahali palipobadilika, kisha waandike kando ya kila alama sababu wanayoidhania: maporomoko, mavuno ya ngano, ziwa kukauka, moto, mkaa. Kisha kila kikundi kibadilishane karatasi na kikundi kingine na kujaribu kuzipinga sababu zilizoandikwa.

Baada ya hapo watoke nje na kamba yenye mita 30. Wapime mraba mmoja kwenye malisho na mwingine penye vichaka, wasimamishe kijiti kila pembe. Ndani ya kila mraba wahesabu miti, visiki na miche, na wakadirie sehemu iliyo na udongo mtupu. Huo mraba ndio pikseli moja ya Landsat. Waandike tarehe, hali ya mvua ya mwezi uliopita, na jina la mwenye eneo, ambaye yafaa aombwe ruhusa kabla. Vijiti viachwe mahali pake. Mwezi wa Agosti, majani yakiwa yamepukutika, warudi na kamba ileile, wahesabu upya, na waone ni mistari mingapi ya daftari la kwanza ambayo ingemfanya mgeni adhani kwamba hapo palipita jeshi.